Duara Katika Shamba la Mutuka

Nimefundisha jiografia katika shule za sekondari za Babati kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu, na kila mwaka, tulipofika kwenye mada ya picha za setilaiti, nilikuwa na sentensi moja niliyoipenda kupita zote. Niliwaambia wanafunzi: "Ardhi haisahau, na sasa lipo jicho linaloweza kuisoma kumbukumbu yake." Niliitamka polepole nikiwa nimesimama katikati ya madawati, kisha nikanyamaza ili iwaingie. Ilikuwa sentensi nzuri kwa sababu ilihusu ardhi ya watu wengine.

Mwaka jana, mahindi yalipokwisha kuvunwa, mradi wa kupima mashamba ulifika katika kata ya Mutuka, ambako familia yetu ina shamba la ekari saba. Marehemu baba alilifungua, mama yangu ndiye mmiliki wake sasa, na mimi, mtoto pekee aliyebaki Babati, ndiye ninayelisimamia. Kila mwenye shamba angepata hati. Mtaalamu wa mradi alikuwa binti wa rika la watoto wangu, mwenye kompyuta ya mapajani na subira isiyo ya umri wake. Aliposikia kwamba bado ninafundisha somo hilo, aliniomba nimsaidie kuwafafanulia wakulima picha alizokuja nazo. Nilikubali kabla hajamaliza kuomba. Mtu aliyezoea kusikilizwa huwa mwepesi wa kukubali mambo ya namna hiyo.

Tulikutana katika ukumbi wa ofisi ya kata, mchana wa jua kali. Wanawake walifunika madirisha kwa kanga ili kuleta giza, na picha ikaangazwa kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani. Mashamba yetu yalijitokeza pale kama vipande vya nguo vilivyoshonwa pamoja, ila rangi zake zilikuwa za ajabu: mazao yaliyokuwa hai yalionekana mekundu.

Niliwaeleza kwa kadiri ya uwezo wangu. Chombo kile hupita juu yetu kwa umbali unaozidi mara mbili safari ya kutoka Babati hadi Dodoma, na bado huweza kutofautisha kitu chenye upana wa meza ya mwalimu. Lakini ukali wa kuona ni nusu tu ya uwezo wake. Macho yetu hupokea sehemu ndogo ya nuru ya jua. Kamera ile huigawa nuru katika mikanda mingi, na mmojawapo upo ng'ambo ya rangi nyekundu, mahali ambapo binadamu haoni chochote. Jani lenye afya huurudisha mwanga huo kwa wingi kuelekea angani. Jani linalokaribia kunyauka huurudisha kidogo, siku kadhaa kabla mkulima hajaona dalili ya umanjano. Kompyuta huupaka mwanga huo wekundu kwa ajili yetu, ili tuone tusichojaliwa kukiona.

"Kwa hiyo mahindi yangu yanaweza kuwa na homa na mimi sijui?" aliuliza mzee mmoja wa mstari wa mbele.

"Wewe hata mkeo alipokuwa na homa hukujua," alijibu jirani yake, na ukumbi ukaangua kicheko.

Mama mmoja alitaka kujua kama jicho hilo huona ndani ya nyumba. Nikamwambia kwamba haliwezi kupenya bati. "Afadhali," alisema, akajifunika vizuri kanga yake, na watu wakacheka tena. Nilijisikia mwenye furaha. Darasa lilikuwa mikononi mwangu.

Kisha binti akasogeza picha mpaka shamba letu. Ilikuwa imepigwa mwishoni mwa msimu, mvua zilipokuwa zimekatika na mahindi yameanza kukauka, hivyo karibu shamba zima lilikuwa na wekundu hafifu. Karibu na kona ya mashariki, hata hivyo, lilionekana duara. Lilikuwa pete nyembamba ya wekundu mkali, iliyochorwa kana kwamba kwa bikari, na katikati yake kulikuwa na doa lililopauka.

"Na hapa, Mwalimu?" aliuliza binti akiwa amelielekezea kijiti chake. "Mimea ya kwenye mzunguko huu imebaki na unyevu kuliko mingine yote. Kuna kitu kiko chini. Palikuwa na zizi?"

"Zizi," nilijibu. "Marehemu baba alikuwa na zizi pale, zamani sana."

Neno lilitoka kwa sauti ileile niliyotumia kueleza mikanda ya nuru. Hicho ndicho kinachonisumbua hata leo: sauti haikubadilika.

Nyuma ya ukumbi akasimama mwanamke niliyemjua tangu ujana wangu. Ni mtu wa jamii ya wafugaji wa uwanda wa Hanang, amenizidi kama miaka kumi, na siku hizi analima maharage kwenye kipande kinachopakana na shamba letu, akiuza maziwa asubuhi mitaa ya Nangara. Alivaa katambuga za matairi na bangili za shaba mpaka karibu na viwiko. Kila nilipokutana naye nilimwamkia, naye aliitikia marahaba akitazama mahali pengine. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amewaambia wenyeviti wa mtaa, mmoja baada ya mwingine, kwamba kaburi la baba yake liko ndani ya shamba letu. Kila mwenyekiti alimuuliza baba, na baadaye aliniuliza mimi, nasi tulisema hatujui kaburi lolote.

"Mwalimu," alisema, "zizi la baba yako lilikuwa na mlango?"

"Bila shaka."

"Uko wapi?"

Niliitazama pete ile. Haikuwa na mwanya popote.

"Mimi nimekulia zizini," aliendelea, sasa akiwaambia watu wote. "Ng'ombe hulala katikati. Samadi hujaa katikati. Asubuhi wakitoka huchafua mlangoni, huchafua na njia yote mpaka malishoni. Ng'ombe wa mzee wake walilala wamebanana ukutani kama popo, katikati wakaacha pasafi? Basi walikuwa na adabu kuliko watoto wa shule."

Walicheka. Mimi pia nilijaribu kucheka.

"Binti yangu, hebu weka kijiti chako hapo katikati. Pamepauka au macho yangu ni mabovu?"

"Pamepauka, mama. Mazao ya hapo ni dhaifu."

"Ni udongo mgumu. Wanaume wa ukoo wetu walikuja na jembe, wakachimba mtaro kuzunguka, wakapandisha udongo juu ya baba yangu. Waliupandisha miezi mingi, wakaushindilia, ukawa mrefu kupita mtu. Nilikuwa mwali. Nilibeba maji ya kuukanda. Mtaro mmeufukia, lakini bado unakunywa mvua. Kilima mmekisawazisha, lakini bado hakinywi." Akaelekeza kidole kwenye shuka. "Mliniomba karatasi miaka yote. Karatasi ndiyo hiyo, mmeitundika wenyewe."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mwenyekiti wa mtaa, mtu anayependa amani kuliko ukweli, alisema kwamba pingamizi limesikika na litaamuliwa Ijumaa. Baada ya hapo ramani itafungwa, hati zitatolewa, na hakuna atakayerudi nyuma. Zilibaki siku nne. Kama familia yetu ingeshikilia neno lake, kaburi lingefungiwa ndani ya hati ya mama yangu na mwanamke yule asingekuwa na pa kudai tena.

Sasa lazima niseme nilichokuwa nakijua.

Kilima kile nilikikuta shambani nikiwa mtoto. Kilikuwa kimeanza kuliwa na mvua, na uzio wake wa miti ulikwisha oza, lakini juu yake mara kwa mara tulikuta majani mabichi yaliyofungwa kwa ustadi, na wakati mwingine harufu ya pombe ya asali. Wafugaji walikuwa wamehamia mbali kutafuta malisho, lakini walipopita njia hiyo waliingia kumsalimu mzee wao. Baba hakuwafukuza. Alilima akikizunguka kilima, kila mwaka akikisogelea kwa mfuo mmoja wa plau. Hakuna mwaka ambao mtu angeweza kusema, leo ndipo kosa limetendeka.

Nilipomaliza kidato cha sita na kurudi nyumbani kusubiri majibu, baba alikuwa ameumia mguu, na plau ikawa yangu. Nilikuwa na miaka ishirini, nimesoma vitabu vingi kuliko mtu yeyote wa Mutuka, na nilikuwa nimekwisha andika insha iliyosifiwa kuhusu haki. Baba alikuwa amekaa kwenye gogo pembeni ya shamba. Nilipofika kwenye kilima, kilichokuwa kimebaki urefu wa goti, niliwasimamisha maksai na kumtazama. Alifanya ishara kwa mkono, ya kunyoosha. Nilinyoosha. Plau iligoma mara mbili, mara ya tatu ikapita. Jioni nilichukua jembe la mkono na kusawazisha kilichobaki, bila kuagizwa na mtu. Ishara ilikuwa ya baba, lakini jembe lile nililichukua mwenyewe.

Usiniulize kwa nini sikusema baadaye. Niliajiriwa, nikaoa, nikawa mzee wa kanisa, nikaitwa kwenye mahafali kutoa nasaha juu ya uadilifu. Kila heshima niliyopewa iliongeza uzito wa udongo ule.

Asubuhi iliyofuata mkutano ule sikukaa. Nilifundisha vipindi viwili nikitembea ukutani hadi ukutani mpaka mwanafunzi mmoja akauliza kama naumwa. Saa sita nilikwenda kwa yule binti katika chumba alichopewa kwenye ofisi za mji. Nilimwambia nahitaji kuona picha za zamani za eneo lilelile, kwa ajili ya uhakika wa kitaaluma. Ndivyo nilivyosema: uhakika wa kitaaluma.

Alizifungua bila shaka yoyote. Setilaiti, alinieleza, zimekuwa zikiipiga picha dunia tangu kabla yeye hajazaliwa, na nyingi za picha hizo zimehifadhiwa. Alipata moja ya miaka ya ujana wangu. Shamba letu lilikuwa miraba midogo michache ya rangi moja, vijiraba kama alivyoviita. Hapakuwa na pete wala doa.

"Hapaonekani kitu," nilisema, na moyo ukanipiga kama wa mwizi aliyeona dirisha limeachwa wazi.

"Haiwezi kuonesha, Mwalimu. Kijiraba kimoja cha hii ni kipana kuliko ukumbi wa kata mara kadhaa. Kila kilichomo ndani yake kinachanganywa kuwa rangi moja. Hii mpya, kijiraba chake ni kama hatua moja ya mtu, na ina mikanda mingi."

"Lakini mtu akiuliza kama kuna picha ya zamani inayoonesha kaburi, jibu ni hapana."

Alinitazama kidogo. "Jibu ni hapana. Ila hilo halina maana kwamba kaburi halikuwepo. Wewe ndiye uliyetufundisha hivyo shuleni."

Sikuwa nimemtambua. Miaka kumi na zaidi iliyopita alikuwa ameketi katika madawati yangu.

Nilimwomba anichapishie picha ile ya zamani hata hivyo. Niliibeba nyumbani ndani ya bahasha ya kaki. Ningeweza kuiweka mezani Ijumaa, nikasema kweli tupu, kwamba katika picha ya miaka hiyo hapaonekani kitu, na nikashinda. Nimewakemea watu wengi katika maisha yangu kwa uongo wa mdomo. Huu ulikuwa mbaya zaidi, maana haukuwa na neno lolote la uongo ndani yake.

Siku ya tatu nilikwenda Nangara kwa mama. Anaishi peke yake katika nyumba aliyojenga baba, anapika mwenyewe, na masikio yake yapo timamu kuliko yangu. Habari za ukumbini zilikwisha mfikia. Huenda zilifika pamoja na maziwa.

"Kaa," aliniambia.

Nilikaa, nikasimama, nikaenda mlangoni, nikarudi.

"Umekuja kuniuliza au kuniambia?"

"Shamba ni lako, mama. Kipande hicho kikitolewa, kinatolewa kwenye hati yako. Na watu watasema baba alilima kaburi."

"Baba yako hakulima kaburi," alisema. Alikuwa anachambua mbaazi kwenye ungo, na hakuinua macho. "Ulilima wewe. Mguu au si mguu, alikutuma kwa sababu hakuthubutu kuipitisha plau pale kwa mkono wake."

Nilidhani hakujua. Miaka yote hiyo nilikuwa nimemlinda mtu aliyejua.

"Mahindi ya kona ile," aliendelea, "sikuwahi kuwapikia. Hata siku moja. Niliyavuna peke yangu, nikayaweka gunia lake, nikayapeleka mnadani."

"Ukawauzia watu?"

"Nikawauzia watu."

Aliendelea kuchambua. Nilitafuta moyoni mwangu lile karipio ambalo huwa halinipotei, nikalikosa. Tulikuwa tumekaa pale mama na mwana, wacha Mungu wawili, kila mmoja na njia yake ya kujidai hakula.

"Sasa nifanye nini?"

"Unaniuliza mimi? Wewe si ndiye mwenye kufundisha?" Kisha, kwa sauti aliyokuwa akiitumia nilipokuwa na homa utotoni: "Mwanangu, mimi nina kiu ya kufa bila kuogopa kona ya shamba. Nenda kaseme. Ila usiseme mbele yangu."

Ijumaa ukumbi ulijaa kuliko mara ya kwanza. Shuka lilitundikwa tena, kanga zikarudi madirishani. Bahasha ilikuwa mfukoni mwa koti langu, na sioni aibu kukiri kwamba hata nilipopewa nafasi ya kusema, mkono wangu uliigusa.

Nilisema hivi: "Hapakuwa na zizi. Kilikuwa kilima cha kaburi. Kilisawazishwa kwa plau na jembe, na aliyeshika plau na jembe ni mimi."

Nilikuwa nimetayarisha maneno zaidi, yaliyopangwa vizuri, yenye mwanzo na hitimisho. Sikuyatoa. Niliona nyuso za wazazi wa wanafunzi wangu zikibadilika, na nikaelewa kwamba hotuba yoyote wakati ule ingekuwa njia nyingine ya kutafuta sifa.

Yule mzee wa mstari wa mbele, wa mahindi yenye homa, alitingisha kichwa. "Mwalimu," alisema, "na ulivyomchapa mwanangu kwa kuiba embe."

Hiyo ndiyo hukumu iliyonipata pale ukumbini, na naikubali.

Mwenyekiti, akiwa amefarijika kwamba hapatakuwa na ugomvi, aliagiza mpaka mpya uchorwe. Binti alichora mstari kuizunguka pete, akaongeza hatua tano kila upande na njia nyembamba hadi barabarani. Aliuliza kama kila mtu ameridhika. Nilimgeukia yule mama mfugaji, nikitarajia sijui nini. Pengine machozi, pengine mkono wa kusamehe, mambo tunayoyasoma.

"Udongo uko wapi?" aliniuliza.

"Udongo gani, mama?"

"Wa baba yangu. Kilima kilikuwa kirefu kupita mtu. Uliutawanya, utaurudisha. Si wa hapo shambani, huo umelimwa. Udongo mfinyanzi, wa kule bondeni Bonga, ndiko wazee wetu walikoelekeza. Wewe utaleta tu. Kuupandisha ni kazi ya watu wa ukoo, wewe usiuguse ukishaumwaga."

"Nitakodi gari."

"Na plau uliikodi?"

Basi huuleta kwa mkokoteni wa ng'ombe, mimi mwenyewe, Jumamosi baada ya Jumamosi. Watu wa Bonga wamenizoea. Wengine hunisaidia kupakia, wengine husimama barabarani kutazama mwalimu akivuja jasho. Vijana huniita majina ambayo mwaka juzi wasingethubutu. Hati ya mama imetoka, ina pengo la mviringo kwenye kona ya mashariki, naye ameitundika ukutani karibu na picha ya baba. Tangu siku ile hajanena na mimi habari za shamba. Bahasha ya kaki nimeiacha mezani shuleni. Huitumia darasani kueleza tofauti kati ya kutoonekana na kutokuwepo, na ile sentensi yangu ya zamani siisemi tena.

Setilaiti huendelea kupita. Binti aliniambia kwamba ndani ya msimu mmoja picha mpya itaonesha eneo lile kwa namna nyingine: udongo mtupu una sahihi yake katika mikanda ya nuru, tofauti na jani. Hujikuta nikiinua uso mchana nikiwa na koleo mkononi, ingawa najua fika kwamba hakuna cha kuona.

Jumamosi iliyopita wanaume wa ukoo wake walikuja kutoka Hanang wakapandisha nilichokuwa nimeleta. Nilisimama nje ya mstari kama nilivyoagizwa. Kilima kilifika kiunoni. Mama yule alikizunguka taratibu, akachomeka juu yake fungu la majani mabichi, akarudi alipokuwa mkokoteni wangu.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba." Safari hii alinitazama usoni, kisha akayatazama magurudumu ya mkokoteni, akalipiga teke kidogo moja lililoanza kulegea. "Kaza hili. Baba yangu alikuwa mrefu."